Nafasi ya Pikipiki Moja

Maegesho ya Pentagon, makao makuu ya ulinzi ya Marekani, yako ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Siku za kazi hujaa magari ya maofisa na makarani, safu kwa safu. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini kulikuwa na Jumapili moja ya mwishoni mwa Mei ambapo eneo hilo lilikuwa la watu wengine kabisa. Tangu alfajiri pikipiki zilikuwa zikiingia, nyingi zikiwa Harley-Davidson, nikeli imesuguliwa mpaka unajiona usoni. Juu yake walikaa wazee wenye ndevu nyeupe na vizibao vya ngozi vilivyoshonwa viraka mpaka mgongo haukuonekana: kikosi changu, jimbo langu, mwaka niliokuwa kule. Nyuma ya viti zilifungwa bendera mbili, moja ya taifa, nyingine nyeusi.

Ikifika saa sita mchana injini ziliwashwa. Walioshuhudia husema sauti ile huisikii masikioni kwanza, unaisikia kifuani. Msafara ulivuka Daraja la Memorial, wawili wawili, ukazunguka katikati ya jiji na kurudi karibu na sanamu ya Lincoln, ulipo ukuta mweusi wenye majina ya waliokufa Vietnam. Pikipiki za mbele zilikuwa zimeshazimwa na kupoa kwa saa kadhaa kabla za mwisho hazijatoka Pentagon. Kuanzia mwaka 2002, katikati ya barabara alikuwa akisimama mwanajeshi wa wanamaji, Tim Chambers, katika sare kamili, mkono kwenye paji la uso kwa saluti, bila kuushusha mpaka pikipiki ya mwisho ipite. Jua la Mei pale si mchezo.

Mtalii angedhani ni gwaride. Waandaaji walikuwa wakali juu ya neno hilo. Gwaride, walisema, ni la kusherehekea, na wao hawakuwa na cha kusherehekea. Yale yalikuwa maandamano. Kuna watu walipelekwa vitani kwa jina la serikali, hawakurudi, wala hakuna aliyeonyesha kaburi, na waandamanaji walitaka maelezo.

Madai hayo yana mzizi wake katika majira ya baridi ya mwaka 1973. Mkataba wa Paris ulitiwa saini tarehe 27 Januari, na kuanzia 12 Februari ndege zilianza kuwarudisha mateka wa Kimarekani, wengi wao wakitoka Hoa Lo, gereza la Hanoi lililojengwa na Wafaransa enzi za ukoloni na kubatizwa na wafungwa kwa kejeli jina la hoteli, Hanoi Hilton. Hadi Aprili walikuwa wamerudi watu 591. Wake walikimbia uwanjani, watoto waliinuliwa juu, kamera zilikuwa tayari. Kisha zoezi likaisha, na kwenye orodha yakabaki majina zaidi ya 2,600 ya watu ambao hawakurudi wazima wala maiti.

Orodha hiyo inataka kusomwa taratibu, kwa sababu mengi yaliyofuata yalitoka humo. Karibu 1,100 kati yao jeshi lenyewe lilijua kuwa wamekufa: rubani aliyelipuka angani mbele ya mwenzake, mwanamaji aliyezama bahari ikafunga juu yake. Kilichokosekana ni mwili. Mwanzoni watu hao walihesabiwa peke yao, mbali na wale ambao kweli hakuna aliyejua yaliyowapata. Miaka ya baadaye makundi mawili yakatiwa kwenye kapu moja, na kapu likapewa jina moja, wasiojulikana walipo. Baba aliyeisoma hesabu hiyo gazetini angewezaje kujua kwamba nusu yake karibu ni watu waliokwisha kufa? Aliona maelfu ya vijana na serikali iliyonyamaza.

Na kabla ya hapo walikuwapo wanawake. Mke wa Pwani akifiwa anajua la kufanya: atakaa eda, miezi minne na siku kumi, matanga yataondolewa, na siku moja atatoka nje na kuanza upya. Wake za marubani walioangushwa hawakuwa na eda ya kukaa. Hawakuwa wajane, wala hawakuwa na waume. Maofisa waliwashauri wasiseme hadharani, wasije wakawaponza waume zao gerezani. Sybil Stockdale, ambaye mumewe James aliangushwa Septemba 1965, alitii kwa muda, kisha akachoka. Akaanza kuwakusanya wenzake sebuleni kwake California, na Mei 1970 chama chao kikasajiliwa rasmi kama umoja wa kitaifa wa familia za mateka na waliopotea. Mwaka huohuo wanafunzi wa California walianza kuuza bangili zenye jina la mtu mmoja, cheo chake na tarehe aliyopotea. Uliyeivaa uliahidi kutoivua mpaka mwenye jina arudi. Ziligawiwa karibu milioni tano.

Bendera nyeusi nayo ilitoka kwa mke. Mary Hoff wa Florida, mumewe Michael akiwa amepotea juu ya Laos Januari 1970, alikipigia simu kiwanda cha kushona bendera akaomba itengenezwe moja kwa ajili ya watu kama mumewe. Kazi ya kuchora ikamwangukia Newton Heisley, aliyekuwa rubani katika Vita Kuu ya Pili. Wakati huo mwanawe alikuwa amerudi nyumbani kutoka mafunzo ya jeshi, amekondeshwa na homa ya ini, mashavu yamebonyea. Heisley akakichora kichwa hicho kwa upande, kimeinama, nyuma yake mnara wa mlinzi, mbele seng'enge. Chini akaandika maneno ya kuwahakikishia kwamba hawajasahauliwa. Alikusudia rangi ziongezwe baadaye. Hazijaongezwa mpaka leo, na nadhani ni bahati, maana hakuna rangi ambayo ingeisaidia.

Sisi Waswahili tuliipata hadithi hii kwa njia ya panya. Katikati ya miaka ya themanini Hollywood ilitoa filamu za kwenda kuwaokoa mateka waliosahauliwa msituni: Chuck Norris mwaka 1984, na mwaka uliofuata Rambo wa pili. Zilipofika kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam na Nairobi, tulikaa kwenye mabenchi tukimshangilia Rambo akifyatua mishale ya baruti. Hakuna aliyetuambia kwamba kule kwao kulikuwa na mama aliyeitazama filamu ileile akimtafuta mwanawe kwenye kila uso uliopita nyuma ya mianzi.

Mwaka 1987 koplo wa zamani wa wanamaji, Ray Manzo, alikwenda kwenye mkesha uliofanywa na maveterani karibu na Ukuta, kama walivyozoea kuuita ule ukuta mweusi wa majina. Huko akawasikia wakisimulia kwamba wapo wenzao walioachwa hai. Hakulala vizuri baada ya siku hiyo. Alikuwa mpenzi wa pikipiki, na aliwajua wapenzi wa pikipiki: wengi wao ni askari waliorudi kutoka Vietnam wakapokewa kwa kisogo, wakapata faraja kwenye magurudumu mawili na kampuni ya watu wasiouliza maswali. Akakutana na sajini wa zamani, Artie Muller, kwenye mkahawa mdogo wa Somerville, New Jersey. Wengine wakajiunga, akiwemo Ted Sampley wa North Carolina, aliyepigana Vietnam katika vikosi maalumu. Mpango ulikuwa rahisi. Wabunge hawasikii barua, basi wataisikia injini.

Mwishoni mwa Mei 1988 zilikuja pikipiki kama 2,500. Kwa mara ya kwanza haikuwa haba. Mwaka uliofuata zikaongezeka, na miaka ya elfu mbili ilipofika waandaaji walikuwa wanahesabu kwa mamia ya maelfu, ukichanganya na watazamaji.

Jina walilolichagua, Rolling Thunder, lenye maana ya ngurumo zinazobingirika, linafikirisha. Lilikuwa jina la operesheni ya kuipiga mabomu Vietnam Kaskazini, iliyoanza Machi 1965 na kusimamishwa Novemba 1968. Kwa masikio ya waandaaji lilifaa kwa sauti yake. Lakini ndiyo operesheni iliyojaza Hoa Lo. James Stockdale aliangushwa ndani yake, na John McCain naye, Oktoba 1967, akaangukia ziwa katikati ya Hanoi mikono yote miwili na mguu vimevunjika. Waandamanaji walipanda chini ya jina la mvua ile ile ya mabomu iliyowapoteza waliokuwa wanawatafuta. Sijaona popote kwamba jambo hilo liliwakera.

Mwaka mmoja baada ya msafara wa kwanza, maveterani wawili wa California, James Gregory na Bill Evans, waliona kwamba kuvuka daraja peke yake hakutoshi. Wakaondoka na wenzao huko Magharibi, wakaivuka Marekani nzima hadi Ukutani. Safari hiyo, Run for the Wall, bado inaendelea. Inaanzia mji wa Ontario, California, katikati ya Mei, inachukua siku kama kumi, na ni zaidi ya kilomita 4,000. Kauli yao ni kwamba wanapanda kwa niaba ya wasioweza kupanda.

Hapa ndipo ufundi wao unapopendeza. Fikiria mamia ya pikipiki zinazohitaji petroli kwa wakati mmoja katika kituo cha mji mdogo jangwani. Wakipanga foleni ya kawaida watalala hapo. Kwa hiyo wanakuja wawili wawili kila upande wa pampu, na mpira wa mafuta haurudishwi mahali pake: anayemaliza anampa wa nyuma, mkono kwa mkono, bila kushuka kitini. Miji mingi njiani huwalisha bure. Kule Angel Fire, New Mexico, husimama kwenye kanisa dogo jeupe la mlimani alilolijenga Victor Westphall baada ya mwanawe David kuuawa Vietnam tarehe 22 Mei 1968. Kule Rainelle, mji maskini wa West Virginia, watoto wa shule ya msingi hujipanga barabarani na madaftari, wakiwaomba wazee wale wawawekee saini kama vile ni wachezaji wa mpira. Mzee ambaye mwaka 1969 alivua sare chooni uwanja wa ndege asitukanwe, leo anainama kumwandikia mtoto jina lake. Wengi hulia hapo, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Mbele ya msafara, kwenye safu ya viongozi, kuna mahali hapakaliwi. Wanakwenda wawili wawili, lakini mmoja wao ubavuni mwake ni lami tupu, nafasi ya pikipiki moja. Kona zikija, nafasi hiyo inapinda nao. Wakipunguza mwendo, inapunguza. Kuifunga kwa bahati mbaya ni kosa ambalo hulirudii. Jioni kwenye chakula hukuta jambo lilelile mezani: meza ndogo ya duara, kitambaa cheupe, waridi jekundu moja kwenye chombo, kipande cha limau kwa uchungu na chumvi kwa machozi, bilauri imefudikizwa, kiti hakina mtu.

Basi, walikuwapo walioachwa hai? Julai 1991 Marekani ilitikisika kwa picha ya wanaume watatu wenye masharubu wameshika bango. Familia tatu zilitambua watu wao. Picha ikapamba magazeti, na baraza la Seneti likaunda kamati maalumu chini ya John Kerry, akiwemo McCain. Baadaye ikagundulika kwamba picha ilikuwa imechakachuliwa kutoka kwenye jarida la Kisovieti la mwaka 1923. Watu wale walikuwa wakulima. Ripoti ya kamati, Januari 1993, ilisema hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba yuko Mmarekani hata mmoja anayeishi bado kifungoni Asia ya Kusini-Mashariki, ingawa ilikiri kwamba mwaka 1973 huenda wapo wachache walioachwa. Waliokuwa wanaamini hawakushawishika. Sampley alikuwa na gazeti lake, na kwa miaka alimwandama McCain humo kama msaliti, McCain huyohuyo aliyekaa gerezani Hanoi miaka mitano na nusu.

Ukimuuliza Mvietnam habari hizi atakusikiliza kwa adabu, kisha atakwambia kwamba upande wao waliopotea ni kama 300,000. Ni haki aseme. Wapo wanahistoria wa Kimarekani pia wanaosema suala la mateka lilitumiwa na wanasiasa, kwanza kuvirefusha vita, halafu kuinyima Vietnam biashara hadi mwaka 1994 na ubalozi hadi mwaka 1995. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ila mwanasiasa akikitumia kilio cha mtu, kilio hakigeuki kuwa cha uongo.

Ushindi mkubwa wa watu wa pikipiki ulikuja kwa njia ambayo hawakuitarajia, na ulikuwa wa mifupa sita. Tarehe 11 Mei 1972 Luteni Michael Blassie wa jeshi la anga, umri miaka 24, aliangushwa karibu na An Loc. Miezi mitano baadaye doria ya Vietnam Kusini ilileta mbavu nne, mfupa wa nyonga na mfupa wa mkono, pamoja na vipande vya sare ya rubani, mabaki ya parachuti na kitambulisho chenye jina lake. Kitambulisho kikapotea njiani. Kwa miaka mifupa ilikaa kwenye sanduku lililoandikwa kwamba inaaminika ni ya Blassie, kisha mwaka 1980 lebo ikabadilishwa kuwa X-26. Serikali ilikuwa inatafuta askari asiyejulikana wa Vietnam wa kuzikwa Arlington pamoja na wenzake wa vita vilivyotangulia. Tarehe 28 Mei 1984 Rais Reagan aliwazikia Wamarekani X-26 kwa heshima zote, bendera, mizinga na farasi.

Mama yake Blassie, huko St. Louis, hakujua kwamba anayezikwa ni mwanawe.

Ni Sampley, mtu wa kelele na ugomvi, aliyeketi akalinganisha tarehe, mahali na vipande vya vifaa, na mwaka 1994 akaandika kwenye gazeti lake kwamba askari asiyejulikana anajulikana. Wengi walimpuuza, alikuwa amekwisha kupiga kelele za bure mara nyingi. Miaka minne baadaye runinga ya CBS iliifuatilia habari, familia ikadai kaburi lifunguliwe, na tarehe 14 Mei 1998 likafunguliwa. Kipimo cha vinasaba kilimaliza ubishi. Julai mwaka huo Blassie alizikwa nyumbani kwao, kwa jina lake. Kaburi la Arlington liliachwa tupu, na hakuna mtu mwingine wa Vietnam atakayewekwa humo.

Tangu hapo utafutaji umebadilika sura. Hakuna tena anayefyatua mishale msituni. Vietnam na Marekani zilianza kuchimba pamoja mwaka 1985, na mtindo wa kazi ni wa subira: kilima kinagawanywa kwa kamba katika miraba, wanakijiji wanakodiwa, ndoo za udongo zinapita mkono kwa mkono hadi kwenye chekecheke, na kila ndoo inachujwa kwa vidole. Wanatafuta zipu, kifungo, jino. Jino moja lenye kiziba linaweza kumaliza miaka hamsini ya mtu kusubiri. Kinachopatikana hupelekwa maabara Hawaii. Zaidi ya majina elfu moja yameondolewa kwenye orodha ya mwaka 1973, na yaliyobaki ni pungufu kidogo ya 1,600.

Rolling Thunder yenyewe ilifika mwisho Mei 2019. Muller alisema gharama zilipita dola 200,000 kwa mwaka na Pentagon ilikuwa inawabana kuhusu maegesho. Miaka mitatu kabla ya hapo walikuwa wamempa jukwaa Donald Trump, mgombea aliyekuwa amesema mwaka 2015 kwamba yeye anawapenda watu ambao hawakukamatwa. Akayatamka hayo kuhusu McCain, halafu akaja kushangiliwa na watu waliokuwa wanapanda kwa ajili ya mateka. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado halinikai kichwani. Chama kingine cha maveterani, AMVETS, kikaupokea msafara na kuupa jina jipya, kikaongeza kilio cha maveterani wanaojiua. Mwaka 2020 korona ikautawanya. Mwaka 2021 Pentagon ikawanyima kibali, wakaanzia kwenye uwanja wa michezo wa RFK. Kabla ya hayo, Novemba 2019, miezi sita baada ya ngurumo ya mwisho ya Muller, ilipitishwa sheria kwamba bendera ya Mary Hoff ipepee kila siku kwenye majengo makuu ya serikali, Ikulu ikiwemo, badala ya kupandishwa kwa siku chache tu za mwaka kama zamani.

Pikipiki zinapozimwa, wanashuka kwa miguu hadi Ukutani. Maya Lin alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 alipouchora: graniti nyeusi iliyosuguliwa, inayozama ardhini, majina yamepangwa kwa siku walizokufa, na unapolisoma jina unauona uso wako mwenyewe ndani yake. Watu huweka karatasi juu ya jina na kulipaka penseli mpaka litokeze, wakalikunja mfukoni. Pembeni ya kila jina kuna alama ndogo kuliko ukucha. Almasi ni kwa ambaye kifo chake kimethibitika. Msalaba ni kwa aliyepotea. Mabaki yakitambuliwa, fundi huja kabla ya Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na kuuchongea msalaba almasi juu yake. Ipo na alama ya tatu, iliyopangwa tangu Ukuta ulipofunguliwa Novemba 1982: mtu akirudi hai, msalaba wake utazungushiwa duara. Haijachongwa hata moja.